Paa la Makorongo

Nakutegea kitendawili, nawe utegue kabla chai yangu haijapoa. Nina nyumba kubwa. Ikishangilia, kila mtu mjini husema ni yangu. Ikivuja, kila mtu husema ni ya jirani. Nyumba gani hiyo?

Usiniambie kanisa, maana kanisa letu halivuji. Usiniambie shule. Umeshindwa? Basi nipe mji. Sitaki New York, mji mkubwa vile nitaufanyia nini na magoti haya? Nipe Marlow Bend, jimbo la Iowa, pale Mto Mississippi unapojikunja kama paka aliyeshiba. Mji wenyewe una daraja moja la chuma, viwanda viwili vya mahindi na timu moja ya besiboli iitwayo Makorongo. Nikishaupata nitakupa watu wake wawili, nao ndio watakaokutegulia.

Ilikuwa jioni ya Julai, mchezo uko zamu ya nne kati ya tisa, Makorongo wanaongoza, mara mbingu ikapasuka. Vijana wa uwanja wakakimbia na lile turubai lao kufunika udongo, na watu wote waliokuwa wazi mvuani wakaja kubanana kwenye ukumbi ulio chini ya viti, kwa muuza soseji. Pakawa na harufu ya vitunguu, bia iliyomwagika, makoti yaliyolowa, na vilio vya watoto walioahidiwa fataki.

Katikati ya msongamano huo akashuka Marisela Ochoa, mpiga kinanda wa uwanja. Alivaa koti la mvua la manjano na viatu vya mvua vyekundu, na masikioni hereni za manyoya ya kijivu zilizofika mabegani. Alikuwa na dakika chache tu kabla ya kurudi juu kuwaburudisha watu, na njaa ilikuwa inamuuma tangu adhuhuri. Akapewa soseji yake ndani ya mkate, kabeji chachu juu yake. Kabla hajaing'ata, tone likatoka paani likaangukia haradali, pwaa. Akasogea. Paa nalo likamfuata.

Ndipo mkono mmoja mpana ukatokea juu ya ule mkate, umeshika kofia.

"Kula tu, dada," sauti ikasema. "Kofia yangu haivuji."

Marisela akainua macho. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu rangi ya majani makavu, amevaa shati la bluu lenye nembo ya zimamoto ya mji, maji yanamchuruzika puani naye hana habari.

"Wewe si zimamoto?"

"Ndiye mimi."

"Na maji nayo yanakushinda mpaka utumie kofia?"

"Maji ya kuzimia moto nayajua. Haya ya paa la meya hayamo kwenye mafunzo."

Marisela alicheka hadi kabeji ikamponyoka. Akamuuliza mbona yeye hali, naye akamwonyesha foleni iliyofika mpaka vyooni. Basi akaukata mkate vipande viwili, wakala wima, kofia juu, mvua nje. Kama unapenda kujua nani alilipa nini jioni ile, Marisela alilipa soseji na Lowell Brandvold alitoa kofia, wala hakuna aliyeona amepunjwa.

Mvua ilipokatika na mchezo kurudi, kinanda kikalia kule juu kwa mlio wa king'ora cha zimamoto. Watu hawakuelewa. Mtu mmoja tu, upande wa viti vya bei ndogo, alisimama akainama kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mapenzi ya mjini huota kwenye simu. Lowell alikuwa akikaa zamu ya siku nzima kituoni, na Marisela akifundisha watoto muziki, kwa hiyo walijuana kwa sauti kabla ya kujuana kwa mikono. Marisela alimwita Zimamoto. Naye alimwita Kinanda.

"Kinanda, umeamka?"

"Nimeamka, ila moyo bado umelala. Uimbie."

"Nikiimba mimi, majirani watapiga simu ya dharura."

"Si utakuja wewe mwenyewe kuuzima huo wimbo?"

Kufikia Krismasi mama yake Marisela alikuwa amekwisha kumlisha Lowell tamale, ile mikate ya mahindi inayopikwa ndani ya maganda, mpaka akashindwa kuinama kufunga viatu, na huko kwa akina Ochoa mtu akilishwa hivyo huwa hana pa kukimbilia. Lowell akajua. Siku moja ya Februari akaenda ofisi ya timu akanunua salamu za skrini kubwa, zionyeshwe Jumapili moja ya Mei, zamu ya saba, wakati watu wote wanasimama kujinyoosha na kuimba. Maneno aliyoandikisha yalikuwa machache: MARISELA, UTAOLEWA NAMI? LOWELL.

Jumapili ile ya Mei mvua ikanyesha tangu alfajiri. Mchezo ukaahirishwa. Lowell akaiweka pete kwenye soksi, akajiambia huenda Mungu anamwambia asubiri kidogo.

Kusubiri kwenyewe kukaleta mambo. Mwezi wa Juni Bwana Pruitt, mwenye timu, aliitisha waandishi wa habari akasema uwanja umechoka. Hapo hakusema uongo, kila mtu alikuwa na tone lake la kusimulia. Alitaka paa jipya, mabomba mapya na vyumba vya wachezaji vipya. Kisha, kana kwamba amekumbuka mlangoni, akaongeza vyumba vya glasi vyenye viti vya ngozi kwa wageni wake na skrini kubwa mara mbili ya ile ya sasa. Na kwa kuwa jengo ni mali ya mji, alisema, mji ndio ulipe, kwa kuongeza kodi ya mauzo kwenye kila kiatu na kila sufuria. La sivyo, kuna mji mwingine unaomngoja yeye na Makorongo wake. Ikapangwa kura ya Septemba.

Huku kwetu mtu haulizwi kura yake. Majani ya mbele ya nyumba ndiyo humsemea. Kabla ya wiki kwisha, vibao vya manjano vya NDIYO na vya bluu vya HAPANA vilikuwa vimeota kila mtaa kama uyoga. Cha Marisela kilikuwa cha manjano. Timu ikiondoka, nani atapanda ngazi kusikiliza kinanda kwenye uwanja mtupu? Kiti kile cha kinanda aliachiwa na mwalimu wake aliyekikalia maisha yake yote, na siku za mvua alipiga kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mwavuli, asikubali kukosa hata mchezo mmoja. Alitaka vitu viwili duniani, kiti kile na yule mwanamume wa kofia, wala hakuona kwa nini achague.

Jumamosi moja Lowell akaja kumchukua waende dansi. Marisela akashuka na gauni jekundu la mabega wazi, akapita nyuma ya gari, akaona kilichopakiwa, akasimama.

"Hivi vibao vya bluu ni vya nani?"

"Vya majirani zangu."

"Na nyundo?"

Lowell akajikuna ndevu. "Nyundo ni yangu."

Akamweleza palepale, hakuzunguka. Mji ulikuwa umefunga kituo cha zimamoto cha magharibi ukisema fedha hakuna, na sasa gari lao lilibidi livuke mji mzima ndipo lifike kwa watu wa kule. Majirani wamemwomba awasemee, naye amekubali. Besiboli anaipenda, alisema, na mpiga kinanda anampenda zaidi, lakini hawezi kumwambia bibi kizee wa magharibi kwamba fedha ya kumzimia moto hakuna ila ya viti vya ngozi ipo.

Marisela alimtazama sana. Alikasirika, ndiyo, lakini hakuwa mwanamke wa kuogopa ubishi.

"Tukubaliane hivi," alisema. "Siasa ikifika ngazi ya kibaraza changu, ivue viatu. Na kwenye dansi isije kabisa."

Wakaenda wakacheza mpaka viatu vikaomba radhi. Mtaani watu waliwacheka, huyu wa manjano na yule wa bluu wameshikana mikono, nao wakawacheka waliowacheka. Ningeweza kukumalizia hadithi hapo, kama si baraza na kama si mvua.

Agosti baraza la mji likaitisha kikao cha kusikiliza wananchi. Kila mtu ana dakika tatu kwenye kipaza sauti, na taa ndogo ikiwaka nyekundu, ukae. Lowell akasimama na shati lake la bluu lililonyooshwa, akasema maneno yaliyorudiwa kwenye televisheni usiku kucha: hatalipia kiti cha ngozi cha mtu ambacho haruhusiwi hata kukigusa, huku gari lake la zimamoto limefungiwa nyumba. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Marisela aliyaona kwa televisheni, akavumilia. Ana haki ya kusema, alijiambia, ila angeweza kunitaja hata kwa neno moja, aseme kuna watu wanaokula kwa uwanja ule.

Kesho yake ikawa siku ya marudio ya ule mchezo wa Mei.

Zamu ya saba ikafika. Watu elfu tano wakasimama, wakajinyoosha, wakaimba, Marisela akiwapigia. Kwenye skrini zikapita salamu za siku za kuzaliwa, salamu za kikundi cha ushonaji, halafu yakatokea maneno yale kwa herufi ndefu kuliko milango. Kamera ikahama mara moja: nusu ya skrini Marisela na hereni zake, nusu Lowell na mdomo wazi.

Uwanja ukamtambua yule mtu wa jana. Zomea zomea ikaanza viti vya katikati, makofi yakaanza viti vya mwisho, na mtu mmoja mwenye sauti kama ng'ombe akaita, "Hapana ndiyo kura yako, kaka. Mwache dada wa watu." Kila jicho likamgeukia Marisela. Naye akawaza jambo moja tu, kwamba jana mtu huyu ameshindana na mkate wangu, na leo amenigeuza kibao chake cha kura mbele ya kamera. Vidole vyake havikumngoja. Vikapiga ule wimbo mfupi wa kejeli anaopigiwa mpigaji wa timu ngeni anapokosa mpira mara ya tatu na kurudi benchi kichwa chini.

Watu elfu tano wakacheka kwa pamoja. Lowell akakaa, masikio yake mekundu kama viatu vya mvua.

Simu ya Marisela ililia usiku ule, akaipokea.

"Lowell, unataka watu wakuone kwa sura ipi, ya mtetezi au ya bwana harusi? Chagua moja, nami nitoke kwenye picha."

"Marisela, si mimi. Ni mvua."

"Mvua ndiyo iliyoniposa?"

"Nisikilize. Ile Jumapili ya Mei..."

"Basi kaioe hiyo mvua." Simu ikakatwa, na baada ya hapo hakuipokea tena.

Lakini Lowell hakuwa amedanganya. Kila mtoto wa mji huu anajua kwamba tiketi ya mchezo ulioliwa na mvua haifi, hufufuka siku ya marudio. Lowell naye alijua, na tiketi yake ile ile ya Mei ndiyo iliyomwingiza uwanjani siku hiyo. Hakufikiri tu kwamba kilichofufuka ni mchezo mzima, pamoja na kikundi cha ushonaji na posa yake. Mtu mzima na akili zake, akashindwa kukumbuka kwamba kinachoahirishwa hakijafutwa.

Septemba ikapigwa kura, HAPANA ikashinda. Magharibi walipiga honi mpaka magharibi ya jua. Lowell alishinda, akarudi nyumbani, akakaa na ushindi wake mezani kama mtu aliyealika wageni wasitokee. Bwana Pruitt akasema atafunga mizigo. Baraza likaogopa, likaitisha kikao kingine cha Oktoba.

Wiki ile Marisela akapanda kwenye kijichumba chake uwanjani kuchukua mwavuli na nyimbo zake, maana hakujua kama atarudi. Akamkuta Kendra, mwanamke anayeendesha skrini, anakunja nyaya. Wakaongea hili na lile, mpaka Kendra akasema kwa kweli alimhurumia yule zimamoto. Alikuja ofisini mwezi wa Februari, theluji mpaka magotini, akarudia maneno yake mara nyingi asikosee herufi za jina, na mvua ya Mei ikamharibia.

"Februari?" Marisela akauliza.

"Februari. Hata Bwana Pruitt alikuwa hajasema neno la kodi. Wewe ulidhani lini?"

Marisela akakaa kwenye kiti cha kinanda. Akacheka kidogo, akaacha. Akafungua kifuniko, akapiga taratibu ule mlio wa king'ora, uwanja mtupu ukamrudishia. Simu hakumpigia. Kosa alilomfanyia mtu mbele ya mji mzima, alisema, haliombewi radhi chumbani.

Ukumbi wa baraza siku ya Oktoba ulijaa mpaka madirishani. Lowell alisimama nyuma, hakuja kusema. Jina lake Marisela likaitwa, naye akapita katikati na koti lake la manjano na viatu vyake vyekundu, ingawa nje palikuwa pakavu.

"Mimi ni yule wa kinanda," alisema. "Kibao changu kilisema ndiyo, na nilikosea nusu. Kuna mtu hapa kibao chake kilisema hapana, naye alikosea nusu. Nilimcheka mbele ya watu, na leo mbele ya watu namwomba radhi. Sasa niwaambie ninavyoona. Paa ni letu, kwa sababu nyumba ni yetu. Likivuja, tunavujiwa sisi. Mabomba yetu. Lakini vyumba vya glasi hatukuviomba. Kinachotumiwa na wote walipe wote. Kilichoombwa na mmoja alipe mmoja. Na kituo cha zimamoto cha magharibi kifunguliwe kabla fundi wa kwanza hajapanda paani, maana fundi naye anaweza kuungua."

Watu wakacheka, Bwana Pruitt hakucheka. Meya akamuuliza kama anajua paa lile bei yake. Marisela akajibu kwamba bei haijui, ila mwenye nyumba anamjua. Taa ikawaka nyekundu, naye alikuwa ameshamaliza.

Haikuisha usiku mmoja. Walivutana mpaka theluji ikaanguka, na ikaonekana ule mji mwingine uliokuwa unamngoja Bwana Pruitt haukuwa na haraka naye kiasi alichosema. Mwishoni akatia sahihi ya kukaa: mji paa na mabomba, yeye glasi, ngozi na skrini. Kituo cha magharibi kikafunguliwa kwanza.

Lakini turudi kwenye ngazi za baraza, usiku ule wa Oktoba. Lowell alikuwa anangoja chini, kofia mkononi, pumzi yake moshi.

"Kinanda."

"Zimamoto. Kwa nini hukuniambia kwamba uliandikisha Februari?"

"Nilijaribu. Ukaniambia nikaioe mvua."

"Na uliioa?"

"Ilinikataa. Ilisema nadai jibu mahali." Akasogea hatua moja. "Marisela, nilipokwenda kwenye kile kipaza sauti ningekutaja. Niliogopa nikikutaja sauti itakatika. Lilikuwa kosa langu."

"Nimesikia."

"Basi nijibu lile swali."

Marisela akaichukua kofia mikononi mwake akamvika, akaivuta mpaka kwenye masikio. "Uliniuliza uwanjani, utajibiwa uwanjani."

"Uwanja umefungwa mpaka Aprili."

"Vizuri. Baraza lina kazi, na wewe una subira ya kujifunza."

"Na mpaka Aprili sisi ni nani?"

"Ni watu wanaokula soseji moja," alisema, akamshika mkono, wakaenda kuitafuta.

Siku ya mchezo wa kwanza wa Aprili kulikuwa na baridi na manyunyu, siku ya mablanketi magotini. Watu walikuwa wakiinua vichwa kulitazama paa kama wanavyomtazama mtoto mchanga, wakinyoosha viganja kutafuta tone, wasilipate. Kule juu nyuma ya glasi wageni wa Bwana Pruitt walikuwa wakavu, na kule chini ya bati jipya sisi wa bei ndogo nasi tulikuwa wakavu, kila mtu kwa alicholipia. Mwavuli wa Marisela ulikuwa umekunjwa pembeni ya kinanda, umevalishwa maua.

Zamu ya saba tukasimama, tukajinyoosha, tukaimba. Wimbo ulipokwisha, kinanda hakikunyamaza. Kikalia king'ora. Kwenye skrini mpya yakatokea maneno ya zamani, herufi kwa herufi: MARISELA, UTAOLEWA NAMI? LOWELL. Kamera ikamtafuta, ikamkuta viti vile vile, mdomo umejaa mkate. Safari hii hakuna aliyezomea. Watu elfu tano wakatulia mpaka ikasikika simu yake ikilia mfukoni.

Akaipokea, akigeuza shingo kutazama kule juu. Marisela alikuwa amesimama dirishani, hereni zake zinapeperuka.

"Kinanda, ni mvua tena?" akauliza.

"Si mvua, ni mimi. Salamu hizi nimeziomba mimi, kwa hiyo nimezilipia mimi. Harusi tutaitumia wote, tutalipa wote. Umekubali?"

"Nimekubali. Lakini hujajibu."

"Basi meza kwanza hiyo soseji, usije ukapaliwa. Umemeza?"

"Nimemeza."

"Sikiliza vizuri, Zimamoto, maana jibu hili halina siku ya marudio. Ndiyo."